Milimita Saba za Mlima

Nilipanda milima ya Usambara kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mbili, ingawa nilikuwa nimeitazama kila siku ya utoto wangu. Kwetu ni Magoma, huku chini, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Songea kufuata kazi ya mkonge. Ukifungua mlango asubuhi milima iko mbele yako, na mara nyingi juu yake kuna wingu lililogoma kuondoka. Kwetu sisi watoto wa kambi, mlimani palikuwa mahali kabichi zinapotoka, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku moja ningepanda huko kwenda kujifunza leza.

Nilikuwa nasoma fizikia chuoni. Kila likizo ndefu tulitakiwa kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kwa wiki kumi, sisi wenyewe tukiyaita fildi. Wenzangu walikimbilia viwandani na bandarini. Mimi nilikuwa nimeipenda leza tangu siku mwalimu wetu alipopitisha mwali mwekundu kwenye ufa mwembamba kama unywele, na ukutani kukajipanga mistari ya mwanga na giza. Tangu siku hiyo nilijiona kwenye maabara yenye kiyoyozi, nimevaa koti jeupe, milango miwili imefungwa nyuma yangu.

Tangazo nililolikuta ubaoni lilikuwa karatasi moja tu. Mradi wa kupima miteremko kwa leza, wilaya ya Lushoto, nafasi mbili. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: aje na sweta nzito na viatu vya kupandia.

Aliyeongeza maneno hayo ndiye aliyetupokea. Alikuwa mhandisi, mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa kamba isianguke, miguuni gambuti zenye tope la siku nyingi. Alizaliwa Mlalo, kwa wazazi wakulima, akasoma mpaka akapelekwa nje ya nchi, na huko akafanya kazi na leza kwa miaka mingi kabla ya kurudi kufundisha. Kila likizo ndefu alichukua wanafunzi wawili akaja nao mlimani. Baadaye nilipomzoea nilimuuliza kwa nini aliziacha maabara za huko.

"Huko leza zilikuwa nyingi," alisema, "lakini mtu akiniuliza ninaishi wapi nilikuwa nachelewa kujibu."

Mwenzangu katika nafasi ile ya pili alikuwa msichana wa uhandisi kutoka Mwanza. Alikuwa na maneno machache na mikono isiyotulia; akikaa na kitu chochote chenye skrubu kwa dakika tano, kinafunguka. Siku ya kwanza tulimsalimia mhandisi kwa pamoja, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, kisha akatazama viatu vyangu vya raba vyeupe, akacheka mpaka akavua miwani.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la mawe lililowahi kuhifadhi viazi, kwenye ukingo wa bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mlola. Nje ya ghala kulikuwa na nguzo fupi ya zege, na juu ya nguzo hiyo ndipo tulipoifunga mashine. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mteremko mkali wenye matuta ya maharage, migomba, nyumba chache za matofali ya kuchoma, na vioo kumi. Vioo hivyo, kila kimoja ukubwa wa kikombe, vilifungwa kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Mashine hutupa mwali wa leza ng'ambo, mwali ukagonga kioo, kioo kikaurudisha ulikotoka, na kwa muda uliotumika kwenda na kurudi mashine ikajua umbali. Ukipima leo na ukapima tena wiki ijayo, umbali ukiwa umepungua, basi kioo kimesogea kuja kwako, na udongo uliokibeba umesogea nacho. Milima hii inakaa salama kiangazi, halafu mvua zikija inashuka. Kila mtu kule alikuwa na habari ya shamba lililoondoka, au ya nyumba. Mhandisi alitaka kuona mwendo ule ungali mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona.

Nilitegemea tuwashe mashine siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Siku tatu za kwanza tulizunguka nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za bonde, kueleza tunachofanya. Mhandisi alisalimia kwa Kishambaa, "Onga makeo," akaitikiwa, "Tiwedi," akaulizwa habari za mama yake na ng'ombe wa mama yake, na ndipo akaingia kwenye neno lililotuleta. Alionyesha mwali mdogo mwekundu kwenye kiganja chake mwenyewe. Alieleza kwamba mwali wa kupimia hauonekani, kwamba hauumizi ngozi, ila mtu asije karibu na mashine akachungulia ndani yake, na watoto wasichezee vioo. Alirudia maelezo hayo nyumba ya kumi na tano kwa uangalifu uleule wa nyumba ya kwanza. Mzee mmoja alimkatiza.

"Sema kweli, mwanangu. Mnatafuta madini."

"Baba, tukiyaona madini, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa," alisema. "Lakini hii mashine haioni ndani ya udongo. Inaona tu kama kioo kimesogea."

"Na kioo kisiposogea?"

"Tutafurahi, tutakwenda nyumbani."

Mzee hakuridhika kabisa, lakini alitupa kabichi mbili.

Nyumba ya mwisho ng'ambo ya bonde ilikuwa ya bibi mmoja mjane, aliyeishi na wajukuu zake wawili wadogo, ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi. Nyumba yake ilikaa katikati ya mteremko; nyuma yake banda la ng'ombe, jiko la nje, na mteremkoni, juu kidogo ya banda, kioo chetu namba saba. Mimi Kishambaa sikijui, kwa hiyo nilimwamkia kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili cha taratibu, kila neno akilikamilisha. Alitukarimu chai ya maziwa yenye tangawizi. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeniingia mpaka kwenye meno, na chai ile sijaisahau.

Wiki ya kwanza ya vipimo mhandisi alisimama nasi. Kila asubuhi tulifanya kwa utaratibu mmoja: kusubiri ukungu uinuke, kusoma kipimajoto kilichoning'inizwa nje kwenye kivuli cha mti wa mshai, kusoma kipimo cha mgandamizo wa hewa, kulenga kioo kimoja kimoja, kuandika. Joto lilihitajika kwa sababu mwanga hauendi mwendo uleule kwenye hewa baridi na hewa ya moto. Tofauti ni ndogo mno, ila sisi tulikuwa tunatafuta kitu kidogo mno pia. Kioo namba moja kilifungwa juu ya mwamba mkubwa, juu kabisa, mahali ambapo hakuna udongo wa kuteremka. Mhandisi alikiita shahidi. "Vingine vyote vikisema," alituambia, "mwulizeni shahidi kwanza."

Mwisho wa wiki ile aliitwa chuoni kwa siku nne. Alituachia mashine, funguo na daftari. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya pili ya upweke wetu kulikuwa na manyunyu. Nikaona kipimajoto kinalowa pale kwenye mshai, nikakihamishia ndani ya ghala, nikakitundika kwenye msumari. Mwenzangu alikuwa ng'ambo siku hiyo, anasafisha vioo vilivyochafuliwa na ndege. Manyunyu yalikatika, jua likatoka kali, lakini kipimajoto nilikiacha palepale. Ndani palikuwa karibu na meza. Kule juu ukungu ulikuwa umeganda kwenye mwamba, shahidi haonekani. Kumsubiri ni saa mbili au tatu. Nikamruka. Nilipima vilivyobaki, nikafanya hesabu. Kioo namba saba kilikuwa kimesogea milimita saba kwa wiki moja.

Nilirudia. Milimita saba. Nilirudia kesho yake kwa utaratibu uleule. Milimita saba.

Ukweli ni kwamba sikuogopa kwanza. Nilifurahi kwanza. Niliona jina langu kwenye ripoti, nikamwona yule mwalimu aliyetuonyesha leza akiisoma. Hofu ilikuja baadaye kidogo, nilipokumbuka kilichoko chini ya kioo namba saba.

"Tumpigie Mama simu," alisema mwenzangu.

Tulipiga, simu haikupatikana. Mtandao kule ulikuja na kuondoka upendavyo. Jioni tukapita kwa bibi kufunga vizuri chuma cha kioo. Alituwekea viti, akauliza kama mashine yetu imesema neno lolote. Mwenzangu akanifinya mkono. Nilifahamu alichotaka kuniambia, na bado nikafungua mdomo.

"Bibi, mlima huu unatembea."

Aliweka kikombe chini. "Unatembea kwenda wapi?"

"Kuja huku. Nyumbani kwako."

Hakupiga kelele, hakulia. Aliuliza kama tunajua siku. Nikasema hatujui siku. Akashukuru, akainuka, akaenda kumtazama ng'ombe wake.

Mhandisi aliporudi alipitia Mlola, na habari alizikuta huko kabla hajafika kwetu. Bibi alikuwa amehamia kwa dada yake upande wa pili wa kijiji, yeye na wajukuu na mifugo. Alikuwa ameng'oa viazi vyake vyote, vingi bado vidogo kama mbegu. Majirani wawili walikuwa wamefuata, na mmoja alikuwa ameezua mabati ya jiko lake ili ayawahi. Mhandisi aliingia ghalani, akatua begi, tukamwamkia, akaitikia. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani aliwaambia watu?"

"Ni mimi, Mama."

"Nipe daftari."

Alikaa kwenye kreti la viazi akasoma. Nilisimama. Alisoma kurasa zangu kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, bila haraka, kidole kikifuata mistari. Alichukua karatasi akaandika vioo vyote tisa, umbali wa kila kimoja na mwendo niliouona, kisha akanigeuzia.

"Wewe ulitazama namba saba peke yake," alisema. "Tazama vyote. Kilicho mita mia nne kimekuja milimita nne. Kilicho mita mia saba, saba. Kilicho mita mia tisa, tisa. Umewahi kuona udongo unaoteremka kwa adabu namna hii, kila shamba likipima kwanza liko mbali kiasi gani na mashine yetu?"

Nilitazama. Ni kweli, mistari yote ilikuwa pale, nimeiandika kwa mkono wangu, na sikuwa nimeiona. Aliinua macho, akakiona kipimajoto kwenye msumari. Akaenda akakisoma. Digrii tisa. Akakitoa nje, akakining'iniza kwenye mshai, tukasubiri. Hewa ya nje ilikuwa digrii kumi na tisa. Ghala lile la mawe lilikuwa limehifadhi baridi mpaka mchana, na mimi nilikuwa nimeiambia mashine kwamba bonde zima lina baridi ile. Hesabu ikarekebisha isivyopaswa, na mlima mzima ukasogea kwenye karatasi. Nje haukuwa umesogea hata kidogo.

"Na shahidi?" aliuliza.

"Kulikuwa na ukungu. Nilimruka."

Alifumba daftari. Nilijua ningefukuzwa, na nilianza kufikiri nitamwambia nini baba yangu. Mhandisi alivaa sweta yake.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa bibi. Wote watatu."

"Nitasema nini, Mama?"

"Utasema ulichofanya. Usiongeze, usipunguze."

Sikumbuki njia ya asubuhi ile, nakumbuka tu visigino vya gambuti za mhandisi mbele yangu. Tulimkuta bibi kwa dada yake, ameketi kwenye mkeka anachambua viazi, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Majirani nao walikusanyika. Mhandisi alimwamkia bibi kwa kuinama mpaka goti likagusa chini, nikaona kwamba hata yeye, pamoja na vyeo vyake vyote, alikuwa mtoto mbele ya mama huyu. Nilidhani ataniita. Badala yake alianza yeye.

"Mama, tumekuja kuwaambia kwamba tulikosea. Mlima haujasogea. Mimi ndiye niliyemwachia kijana huyu mashine kabla hajaielewa, kwa hiyo kosa linaanzia kwangu. Yeye atakueleza lilivyotokea."

Nikaeleza. Nilieleza habari za kipimajoto, za msumari, za ukungu, za kutosubiri. Mhandisi alitafsiri kwa Kishambaa pale Kiswahili changu kilipojaa maneno ya darasani. Jirani aliyeezua mabati alikasirika, na alikuwa na haki; alisema tumemfanya achekwe na kijiji kizima. Mhandisi hakujitetea kwa neno lolote. Alisema tutakwenda kuyarudisha mabati yake sisi wenyewe, siku hiyohiyo.

Bibi alinigeukia.

"Ulikuwa na nia mbaya?"

"Hapana, Bibi."

"Ulikuwa na haraka."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi kaa chini, uchambue viazi."

Nilichambua viazi vya bibi mpaka mchana. Alasiri tuliezeka jiko la jirani, mhandisi akiwa juu ya paa anagongelea misumari, mwenzangu akimpa mabati, mimi nikishika ngazi. Watu walisimama barabarani kutazama. Jirani mwenyewe aliishia kupanda na kutuonyesha mahali paa linapovuja.

Baada ya hapo ndipo fildi yangu ilipoanza hasa. Mhandisi hakunifukuza, wala hakuniondolea daftari. Alinipa jukumu la kipimajoto. Mwenzangu alitengeneza kasha la mbao lenye matundu, akalipaka rangi nyeupe, na vipimajoto vikawa viwili, kimoja kwetu na kimoja ng'ambo, ili tujue hewa ya pande zote mbili. Kila asubuhi nilivisoma vyote kabla ya kugusa mashine. Shahidi nilimsubiri. Kuna siku nilimsubiri tangu saa moja mpaka saa saba mchana, nimejifunga blanketi, na ukungu usiinuke, na mhandisi akasema, "Basi, leo hatuna kipimo," akaandika hivyo kwenye daftari: leo hakuna kipimo. Sikuwahi kufikiri kwamba ukurasa kama ule ni kazi. Yeye aliuandika kwa mwandiko uleule mzuri wa siku za jua.

Nilijifunza mengine pia. Nilijifunza kulenga mwali kwa ncha za vidole bila kupumua. Nilijifunza kwa nini vioo vile huurudisha mwanga ulikotoka hata vikikaa upande. Alinikatia pembe ya kasha la karatasi nikarushia mpira mdogo ndani yake mpaka nikaelewa. Nilijifunza kwamba Jumapili mashine haiwashwi, kwa sababu mhandisi alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wao Mlalo, na mazoezi hakosi. Alitualika siku moja. Tulikula kwa mama yake, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao, na mama yake akatuonyesha mahali mhandisi alipokuwa akisomea utotoni, dirishani, kwa sababu ndipo penye mwanga.

Vioo vilikaa kimya kwa wiki nne. Milimita nusu huku, nusu kule, zikirudi zilikotoka. Wiki ya nane kioo kimoja kilianza. Kilikuwa namba saba.

Sikumwambia mtu. Nilihakiki vipimajoto. Nilimpima shahidi, yuko palepale. Nilipima vioo vilivyo kushoto na kulia kwa saba, vimetulia. Namba saba peke yake ilikuwa imekuja milimita mbili. Wiki ya tisa, nyingine moja na nusu. Nililipeleka daftari kwa mhandisi nikaliweka mbele yake, nikakaa. Alisoma, akatoka, akapima yeye mwenyewe mara tatu. Kisha tukavuka bonde wote, tukapanda mpaka kwenye kioo, na hatua chache juu yake, ndani ya majani, mwenzangu akauona ufa. Ulikuwa mwembamba, unaweza kuingiza kidole. Uliambaa juu ya banda na jiko la bibi, ukaikwepa nyumba.

Bibi alikuwa amesharudi kwake siku nyingi. Mhandisi alikaa naye kwenye kizingiti.

"Mama, safari hii ni kweli."

"Mna uhakika?"

"Kwamba utaanguka, hatuna uhakika. Kwamba unasogea, tunao. Ni mambo mawili, na nisingependa uyachanganye kwa ajili yetu."

Jirani wa mabati alikuwa amesimama pale, akaguna. "Mlisema hivi mara ya kwanza."

Nilitazama chini. Bibi ndiye aliyemjibu, bila kugeuka.

"Mara ya kwanza walikosea, wakapanda huku wenyewe kusema wamekosea. Wewe umewahi kuona mtu wa ofisi anapanda huku kwa sababu hiyo? Mimi sijaona. Leo nitawasikiliza." Kisha akamgeukia mhandisi. "Nihamishe nini?"

"Ng'ombe, mbuzi na jiko. Wajukuu walale chumba cha mbele. Mvua zikianza, nendeni kwa dada yako mpaka zikatike."

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akaonyeshwa ufa na daftari, naye akakusanya watu. Banda jipya lilijengwa upande wa pili wa nyumba kwa siku mbili. Jirani yule alileta nguzo nne, akazichimbia mwenyewe, bado akinung'unika.

Tuliondoka mwisho wa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi na moja, nikiwa maktaba chuoni, mhandisi alinipigia. Vuli ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ile mteremko nyuma ya nyumba ya bibi uliteremka. Ulichukua banda la zamani, jiko la zamani, na shamba la maharage lililokuwa juu yake. Bibi alikuwa kwa dada yake. Ng'ombe alikuwa kwa dada yake. Nyumba ilisimama, imejaa tope mpaka dirishani upande wa nyuma.

"Hakuna aliyeumia," alisema. "Hata kuku."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nililia, na sikujua hasa nalilia nini. Mhandisi alisubiri upande wa pili wa simu mpaka nikanyamaza, ndipo akaniuliza ripoti yangu imefika wapi.

Niliiandika yote, pamoja na kurasa mbili za kipimajoto kwenye msumari. Nilitaka kuziweka mwishoni, kwenye viambatisho. Mhandisi akazirudisha katikati, mahali pake kwa tarehe. Siku ya kuitetea, mmoja wa walimu wasahihishaji aliniuliza maswali mengi kuhusu kurasa hizo na machache sana kuhusu nyingine. Nilijibu. Nilifaulu.

Mwaka uliofuata, likizo ilipofika, niliomba kurudi, ingawa haikuwa lazima tena. Mhandisi alikuwa na wanafunzi wapya wawili, na vioo vipya sita vya kufunga. Tulikuwa tumeshachora kwenye ramani mahali pa kuvifunga. Tukapita kwanza kwa bibi. Aliitazama ramani ile, tukamweleza alama moja moja, akatikisa kichwa.

"Hapa hapana kitu," alisema, akagusa alama yetu ya tatu. "Huku ndiko." Kidole chake kilikwenda nje ya alama zote, kwenye kona ya bonde karibu na chemchemi. "Maji ya pale yamegeuka rangi tangu masika. Zamani yalikuwa meupe hata ukikoroga. Na mti wa pale chemchemini umeanza kulala upande."

Mwanafunzi mmoja mpya alitaka kusema neno. Mhandisi alimwinulia kiganja, akatoa kalamu, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Tangu masika mwanzoni au mwishoni, Mama?" aliuliza, na akaanza kuandika.